Mary Shelley na zimwi lililonyang'anywa ulimi

Mwulize mwanafunzi wa shule ya sekondari Frankenstein ni nani, na yamkini atakujibu kwamba ni jitu refu lenye paji pana la uso, vyuma viwili vikichomoza shingoni, lisilojua kusema ila kunguruma. Jibu hilo lina makosa mawili. Kwanza, Frankenstein si zimwi. Hilo ni jina la kijana msomi aliyemuunda kiumbe huyo, na kiumbe mwenyewe hakupewa jina lolote. Pili, kiumbe huyo si bubu. Katika riwaya yeye ni mmoja wa wasemaji fasaha kuliko wote, na anajua kujitetea kama wakili.

Makosa hayo hayakutoka kitabuni. Yalianzia jukwaani, yakakomaa katika sinema, kisha yakaingia sebuleni mwetu kwa njia ya runinga. Kila unapozuka mjadala kuhusu riwaya za kutisha zinazogeuzwa kuwa filamu, watu huuliza ni ipi inayotisha zaidi, filamu au kitabu. Mimi naona swali hilo halitufikishi mbali. Swali lenye uzito ni hili: ni kitu gani kilichomtisha mwandishi mwenyewe, na je, kitu hicho kilifika salama kwenye filamu? Hatuwezi kulijibu bila kumjua aliyeandika. Kwa hiyo, ndugu msomaji, niruhusu leo nisimulie maisha ya Mary Shelley.

Alizaliwa London tarehe 30 Agosti 1797. Babake, William Godwin, alikuwa mwanafalsafa na mwandishi wa riwaya. Mamake, Mary Wollstonecraft, ndiye aliyeandika mwaka 1792 kitabu mashuhuri cha kutetea haki za wanawake, hasa haki yao ya kupata elimu. Mama huyo alifariki kwa homa ya uzazi tarehe 10 Septemba, siku 11 tu baada ya kujifungua. Mtoto akapewa jina la marehemu, na husimuliwa kwamba alijifunza kusoma kwa kufuatisha kwa kidole herufi zilizochongwa kwenye jiwe la kaburi la mamake. Alipokuwa na umri wa miaka 4 babake alioa tena, na Mary hakupatana na mama wa kambo. Hakupelekwa shule kwa muda mrefu. Elimu yake aliichota zaidi katika vitabu vya babake na katika mazungumzo ya wageni wasomi waliokuja nyumbani. Alisikiliza, akajifunza. Tutaona baadaye kwamba zimwi lake nalo lilisoma kwa njia hiyo hiyo.

Mwezi wa Julai 1814, akiwa na umri wa miaka 16, alitoroka kwenda bara Ulaya pamoja na mshairi Percy Bysshe Shelley, mwanamume aliyekuwa na mke na mtoto. Godwin, ambaye vitabuni alikuwa ameikosoa vikali taasisi ya ndoa, alimfungia binti yake mlango. Alikataa kuonana naye kwa zaidi ya miaka 2, ingawa hakukataa kupokea fedha za Shelley. Mary alimpenda babake kuliko kiasi, na hakuwahi kusahau uchungu wa kukataliwa na yule aliyemleta duniani.

Mwezi wa Februari 1815 alijifungua mtoto wa kike kabla ya wakati. Mtoto huyo hakutimiza majuma mawili. Siku chache baada ya msiba, Mary aliandika katika shajara yake kwamba ameota mtoto hakuwa amekufa, bali alikuwa amepoa tu. Wakamsugua mbele ya moto, naye akafufuka. Alipozinduka hakukuwa na mtoto. Ningependa walimu waishike ndoto hiyo, kwani huo ndio mzizi wa hadithi nzima: mzazi anayetamani kuirudishia nyama baridi uhai.

Mwaka uliofuata ulikuwa mwaka wa ajabu. Mlima Tambora, ulioko katika nchi inayoitwa sasa Indonesia, ulikuwa umelipuka mwezi wa Aprili 1815, na vumbi lake likaziba jua hata Ulaya ikakosa majira ya joto mwaka 1816. Mary na Percy walikuwa kando ya ziwa la Geneva, Uswisi, jirani na mshairi Lord Byron na daktari wake kijana, John Polidori. Mvua iliwafungia ndani ya jumba la Byron liitwalo Villa Diodati. Wakawa wanasoma hadithi za mizuka za Kijerumani zilizotafsiriwa kwa Kifaransa, hatimaye Byron akapendekeza kila mmoja atunge ya kwake. Washairi wawili wakubwa hawakufika mbali. Polidori aliandika kisa cha mnyonya damu kilichochapishwa mwaka 1819, kikawafungulia njia waandishi waliofuata, akiwemo Bram Stoker aliyetoa Dracula mwaka 1897. Msichana wa miaka 18, baada ya siku kadhaa za kukosa la kuandika, aliyasikiliza mazungumzo ya wanaume hao kuhusu asili ya uhai, akalala, na katika hali ya nusu usingizi akamwona mwanafunzi amepiga magoti kando ya kitu alichokiunda, akiingiwa na hofu kitu hicho kilipotikisika. Almuradi, viumbe wawili waliotawala sinema za kutisha kwa zaidi ya miaka 100 wana asili katika nyumba moja na mvua moja.

Alikamilisha kitabu mwaka 1817, akiwa tayari ameolewa na Percy baada ya mke wa kwanza kujitoa uhai. Kilichapishwa tarehe 1 Januari 1818, katika juzuu 3, nakala 500, bila jina la mwandishi. Dibaji iliandikwa na Percy, na kwa hiyo wengi walidhani kitabu chote ni chake.

Je, kitabu hicho kinasema nini? Victor Frankenstein, msomi kutoka Geneva, anagundua siri ya kutia uhai, kisha anakusanya viungo vya maiti na kuviunganisha. Msomaji anayetarajia ngurumo, mnara na mitambo inayotoa cheche atashangaa. Tendo lenyewe la uumbaji limesimuliwa kwa sentensi chache: ni usiku wa mvua wa Novemba, mshumaa unakaribia kuisha, na jicho la manjano linafunguka. Kitisho kikubwa kinafuata baada ya hapo. Victor anamtazama aliyemuumba, anachukizwa na sura yake, anakimbia. Kiumbe, ambaye hajatenda kosa lolote, anaachwa peke yake kama mtoto mchanga aliyetupwa jalalani.

Asiyefunzwa na mamaye, tunasema, hufunzwa na ulimwengu. Kiumbe huyu anajificha katika kibanda kilichopakana na nyumba ya jamaa moja maskini, anachungulia kwenye ufa, anajifunza lugha kwa kusikiliza. Anasoma Milton, Plutarch na Goethe. Anawakusanyia kuni usiku bila wao kujua. Baada ya kujiandaa kwa miezi mingi, anaingia kwa mzee De Lacey, ambaye ni kipofu, wakati watoto wa mzee hawapo. Kipofu anamsikiliza kwa upole, kwa sababu anachopokea ni sauti tu. Vijana wanaporudi na kuona uso, mmoja anaanguka kwa kuzirai, mwingine anakimbia, wa tatu anampiga kwa fimbo. Baadaye kiumbe anamwokoa msichana aliyekuwa akizama mtoni, na malipo yake ni risasi. Hapo ndipo anapoapa kulipiza kisasi, na mauaji yanaanza.

Zingatia, msomaji, mbinu ya Mary Shelley. Sisi tunaosoma kitabu tumekalishwa mahali pa mzee De Lacey. Hatuoni uso. Kwa sura 6 mfululizo katikati ya riwaya, ambazo ni sura ya 11 hadi ya 16 katika toleo la 1831, kiumbe mwenyewe ndiye anayesimulia, nasi tunaisikia sauti ya mtu mwenye akili na uchungu. Tunamhurumia kwanza; tunaogopa baadaye, na hofu yetu ni hofu ya kutambua kwamba mwuaji huyu alitengenezwa na mikono na macho ya watu wema. Filamu, kwa upande wake, haina budi kuonyesha. Inamkalisha mtazamaji mahali pa wale watoto wa De Lacey: uso unatangulia, maneno yanafuata, kama yatafuata kabisa. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya riwaya ya kutisha na filamu yake, wala haiondoki kwa kuongeza fedha au vipodozi.

Mary mwenyewe aliishuhudia tofauti hiyo. Kati ya 1818 na 1822 alizika watoto wawili nchini Italia, Clara na William, akanusurika kufa mimba ilipoharibika, na tarehe 8 Julai 1822 Percy akafa maji katika dhoruba baharini. Alirejea London mwaka 1823, mjane wa miaka 25, na mtoto mmoja tu aliyesalia. Akakuta zimwi lake liko jukwaani. Mtunzi Richard Brinsley Peake alikuwa ameigeuza riwaya kuwa tamthilia yenye nyimbo, na sheria ya wakati huo haikumpa mwandishi wa riwaya haki yoyote juu ya mchezo uliotokana nayo. Katika tamthilia hiyo kiumbe hasemi. Anasogea kwa ishara na muziki. Mary alikwenda kuitazama mwezi wa Agosti. Alimweleza rafiki yake kwa barua kwamba kisa hakikupangwa vyema, lakini alimsifu mwigizaji, T. P. Cooke, kwa jinsi alivyopapasa kutafuta kitu cha kujishikiza na kujaribu kuzidaka sauti alizosikia. Alifurahi pia kwamba katika orodha ya wahusika nafasi ya jina la kiumbe iliachwa tupu.

Hapa sina budi kuwa mwadilifu. Tamthilia hiyo iliamsha upya hamu ya kitabu, na mwaka huo huo Godwin akashughulikia toleo la pili, ambalo kwa mara ya kwanza lilibeba jina la binti yake. Mary aliishi kwa kalamu yake miaka iliyofuata. Mwaka 1826 alitoa riwaya kuhusu tauni inayowamaliza wanadamu wote isipokuwa mmoja, akahariri na kuchapisha mashairi ya mumewe, akamsomesha mwanawe. Aliaga dunia London tarehe 1 Februari 1851, akiwa na umri wa miaka 53. Hakuiona sinema hata moja.

Sinema, hata hivyo, haikumsahau, ingawa ilimkumbuka kwa namna yake. Filamu ya kwanza ilitolewa na kampuni ya Edison nchini Marekani mwaka 1910, ikiwa na urefu wa dakika chache tu. Enzi hiyo filamu zote zilikuwa bubu, kwa hiyo kiumbe hakuonewa peke yake. Kinaya kilikuja mwaka 1931. Filamu zilikuwa zimekwisha kupata sauti, kampuni ya Universal ikamkabidhi mwelekezi James Whale kazi hii, na katika filamu hiyo kila mtu anasema isipokuwa yule mmoja aliyekuwa na la kusema. Hata jina la mwandishi lilififia. Utangulizi wa filamu ulimtaja kama Bi. Percy B. Shelley, ungedhani hakuwa na jina lake.

Fauka ya hayo, filamu hiyo ilibadilisha chanzo cha uovu. Msaidizi wa mwanasayansi anaangusha chupa yenye ubongo mzima, akaiba badala yake ubongo wa mhalifu. Kosa hilo dogo la maabara linabomoa hoja yote ya riwaya. Mary Shelley aliuliza jamii inafanya nini hata mtoto mwema akawa mwuaji. Filamu ikamjibu mtazamaji kwamba asihangaike, zimwi lilizaliwa na ubongo mbovu. Kitabuni kiumbe anamtoa msichana majini. Katika filamu anamtupa ziwani mtoto aliyekuwa akicheza naye, akidhani ataelea kama maua waliyokuwa wakiyarusha. Wakaguzi wa filamu walikata sehemu ya tukio hilo pale mikono yake inaponyooka kumwelekea mtoto, na kwa kukata huko wakamfanya aonekane mwovu zaidi kuliko mwelekezi alivyokusudia. Sehemu iliyokatwa ilirudishwa katika miaka ya 1980.

Lakini je, filamu hiyo ni mbovu? La hasha! Mwigizaji Boris Karloff, pasipo neno hata moja, anainua mikono yake kuelekea mwanga unaopenya kutoka juu ya paa, na mtazamaji anaelewa kwamba mbele yake yuko mtoto mchanga. Tukio hilo halimo kitabuni, ila roho ya kitabu imo ndani yake. Karloff alifanya kazi ile ile aliyosifiwa Cooke na Mary mwenyewe. Mwaka 1935 Whale huyo huyo alitoa filamu ya pili, ambamo kiumbe anajifunza maneno machache kwa mzee kipofu, naye Elsa Lanchester anaigiza mara mbili, kama Mary Shelley na kama mchumba wa zimwi. Ni kana kwamba mwelekezi alitambua deni, akaanza kulilipa kidogo kidogo.

Deni hilo lilichukua muda mrefu. Filamu ya Kiingereza ya 1957, yenye rangi na damu, ilirudisha ububu. Runinga ilijaribu njia nyingine: mwaka 1973 toleo moja la Marekani lilimwonyesha kiumbe akiwa mzuri wa sura mwanzoni, kisha uzuri ukioza polepole, hata mtazamaji akajikuta anampenda kabla ya kumwogopa. Hiyo ndiyo hila niliyoisema ya kumfanya mtazamaji awe kipofu kwa muda. Ni dhahiri pia kwamba runinga ina saa ambazo sinema haina, na hadithi ya kiumbe inahitaji saa. Mwaka 1994 Kenneth Branagh alimpa Robert De Niro nafasi ya kusema na kuuliza maswali mazito. Mwaka 2025 Guillermo del Toro aliigawa filamu yake, sehemu moja ikasimuliwa na Victor na nyingine na kiumbe. Ilichukua takriban miaka 200 tangu jukwaa la Peake kwa mshtakiwa kupewa zamu kamili ya kujitetea mbele ya watazamaji wengi kiasi hicho.

Kwa nini suala hili liwashughulishe walimu na wanafunzi wa Kenya? Kwa sababu sisi nasi tuna mazoea ya kutazama mchezo wa kitabu badala ya kukisoma. Mwanafunzi anayetegemea filamu ya 1931 ataandika katika insha yake kwamba kiumbe aliua kwa kuwa alikuwa na ubongo wa mhalifu, na atakuwa amejifunza somo lililo kinyume na la mwandishi. Atakapokuwa mzazi, hakimu au mwalimu, huenda akaendelea kuamini kwamba kuna watoto waliozaliwa wabaya, na kwamba sura inatosha kuwa ushahidi. Mary Shelley, aliyekua bila mama na kufungiwa mlango na babake, alitumia riwaya nzima kuikataa imani hiyo. Tunayo methali isemayo mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Yeye aliifafanua kwa juzuu 3.

Sipendekezi filamu zipigwe marufuku shuleni. Marufuku huongeza hamu tu. Ninachopendekeza ni mpangilio. Mwalimu na asome darasani, kwa sauti, zile sura 6 za kiumbe kabla ya mwanafunzi yeyote kuona picha. Baada ya hapo washa runinga, toleo lolote lile, na uwaulize wanafunzi maswali matatu: nani amenyimwa kusema, uovu umetoka wapi, na ni wapi ambapo mwigizaji au mwelekezi amepata njia yake mwenyewe ya kusema lililokuwa kitabuni? Maswali hayo yanafaa kwa Dracula pia, na kwa riwaya yoyote ya kutisha itakayopelekwa kwenye sinema. Mwanafunzi atakayeyajibu vyema atafaidika na filamu bila kukipoteza kitabu, na atakuwa amempa kiumbe wa Mary Shelley kile alichokiomba kwa Victor juu ya barafu ya milima: asikilizwe kwanza, ndipo ahukumiwe.